Mwenye Nyumba wa Wiki Moja

Kiyoyozi aliwaona kabla boti haijafungwa kamba. Baba alikuwa na begi kichwani, begi mgongoni, boya la mpira lenye sura ya bata shingoni, na ndoo mbili za kuchezea mchanga zikining'inia vidoleni. Mama alikuwa amesimama wima, macho wazi, lakini ukimtazama vizuri ulijua kwamba amelala. Kati yao kulikuwa na watoto watatu: wa kwanza anauliza, wa pili anakimbia, wa tatu anauma. Ilikuwa familia iliyokuja likizo ya pwani kupumzika, na hapakuwa na dalili yoyote kwamba itapumzika.

"Hawa," Kiyoyozi alijiambia huku akifuta vumbi kwenye viatu vyake vya ncha kali, "ni wangu."

Aliitwa Kiyoyozi kwa sababu ukikaa naye kidogo mwili unapoa, unajisikia vizuri, kisha bili inakuja. Huyu ndiye aliyewahi kumkodishia mgeni kivuli cha mnazi mchana kutwa, na mgeni akamshukuru na bakshishi juu. Kazi nyingine hakuwa nayo. Asubuhi wenzake wakienda kazini, yeye alikwenda kupokea boti.

Lakini msimu huu hakuwa anatafuta hela za kutambia mtaani. Alikuwa anatafuta mke, na mke mwenyewe alishapatikana: mshonaji mmoja wa nguo, msichana wa maneno machache na vidole vyepesi, ambaye Kiyoyozi alimpenda hadi akawa anamwambia ukweli mara moja moja. Shida ilikuwa shangazi wa msichana huyo, aliyemlea tangu mdogo.

"Simkatai," shangazi alikuwa amesema. "Kuongea anajua. Ila mimi nataka mahali. Nije, nisukume mlango, niingie, nimkute yupo kazini. Sasa huyu ukimtafuta unampata wapi? Popote. Mtu wa popote simpi mwanangu."

Tena alikuwepo mwenye bucha, aliyefiwa na mkewe, mwenye mlango, mwenye friji, na mwenye pikipiki ya kupelekea nyama. Alishapeleka posa na kilo kadhaa za steki. Shangazi alitoa muda hadi shule zifunguliwe: Kiyoyozi aonyeshe mlango, la sivyo jibu la mwenye bucha litakuwa ndiyo. Kwa hiyo Kiyoyozi alihitaji kukodi chumba kidogo cha biashara pale sokoni, na kwa hilo alihitaji familia yenye pesa na usingizi.

Akawasogelea kwa tabasamu.

"Karibuni sana kisiwani. Poleni na mawimbi. Mmeshapata pa kufikia, au mnakwenda hotelini mkaambiwe watoto wasilie baada ya saa mbili?"

Mama aliamka. "Wewe una nini?"

"Nina nyumba. Sikusema chumba, dada yangu, nimesema nyumba. Ukuta mweupe, geti la buluu, ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Nimeijenga mwenyewe kwa jasho langu."

"Geti la buluu," mama alirudia polepole. "Ile ya mwisho kabisa, yenye baraza pana?"

"Umeshaiona kwenye boti, siyo? Kila mtu huiona. Hiyo hiyo."

"Mama," alisema binti mkubwa, "hiyo si ndiyo ile ya—"

Mama alimtia biskuti mdomoni. Baba akakohoa. Mume na mke wakatazamana, ule mtazamo wa watu waliooana zamani, na Kiyoyozi, aliyejua kusoma macho ya watu wote duniani, akausoma kwamba wanaulizana kuhusu bei. Akataja bei. Ilikuwa bei ya kununua boti.

"Sawa," mama akasema.

Hakuomba kushushiwa hata kidogo. Mtu mwingine yeyote angeogopa hapo hapo, akaomba radhi, akaondoka na viatu vyake. Ila tamaa ikishapanda, masikio huziba, na Kiyoyozi alikuwa tayari anaona mlango wake wa sokoni, ameupaka rangi ya kijani.

"Ila sisi hulipa siku ya kuondoka, tukiridhika," mama akaendelea. "Na kukiwa na shida yoyote, tunamwita mwenye nyumba anaishughulikia. Umekubali?"

"Dada, kushughulikia ndiyo kazi yangu."

Nyumba, kama ulivyokwisha kuhisi, ilikuwa ya Kiyoyozi kama vile bahari ilivyokuwa yake. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa mjini aliyekuja mara moja kwa mwaka. Mlinzi, mzee mwema aliyeamini watu kupita kiasi, alikuwa amekwenda kwao kumuona mjukuu mpya, akamwachia Kiyoyozi funguo amwagilie maua. Maua yalikuwa yamekauka kitambo.

Asubuhi ya kwanza Kiyoyozi alikuwa amejilaza kwenye kibanda cha mlinzi pale getini, akihesabu raha, aliposikia sauti ya mama ikitoka barazani.

"Mwenye nyumba. Maji hayatoki."

Akaruka. Hakuwahi kumiliki kitu maishani isipokuwa viatu, kwa hiyo hakujua wenye nyumba hufanya nini wakiambiwa maji hayatoki. Alidhani wanatengeneza. Akakimbia sokoni, akanunua bomba na mpira wa pampu kwa akiba yake mwenyewe, akarudi akalala kifudifudi chini ya tangi, na kabla ya mchana maji yalikuwa yanatoka. Mama aliyatazama maji, akamtazama yeye, akasema ahsante kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu.

Tangu hapo hakupumua. Mwenye nyumba, vyandarua vimetoboka. Mwenye nyumba, geti linalia kama mtu aliyefiwa, linamwamsha mtoto. Mwenye nyumba, choo kimeziba. Choo kilikuwa kimeziba kwa sababu mtoto wa pili, ambaye Kiyoyozi alimwita Mbio, alitaka kuona kama ndala inaweza kuogelea. Kiyoyozi aliitoa kwa mkono wake, mkono uleule aliozoea kuupeperusha hewani akielezea wageni machweo.

"Anko," alisema binti mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akimsimamia. Huyu alimpa jina la Hakimu. "Kama nyumba ni yako, mbona jana ulikuwa hujui swichi ya taa ya jikoni iko wapi?"

"Nilisahau, mama. Nina nyumba nyingi."

"Ngapi?"

"Kacheze mchangani."

"Twende wote. Mama amesema utatuangalia dakika mbili."

Dakika mbili za mama yule zilikuwa na urefu wake. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango, na jua likapita juu ya nyumba likaanza kushuka upande wa pili kabla hajatoka. Baba alikuwa chini ya mwavuli ufukweni, gazeti usoni. Na Kiyoyozi, bingwa wa maneno, aliyekuwa akiwapoza watu wazima wenye shahada zao, akajikuta mchangani na watu watatu wasiopozwa na neno lolote.

Alijaribu. Alimwambia Mbio kwamba baharini kuna askari anayekamata watoto wanaokimbia. Mbio akakimbia kwenda kumtafuta. Kiyoyozi akatupa viatu, akamfuata majini na suruali yake ya pasi, akamkamata kwapani maji yakiwa kifuani. Aliporudi, Hakimu alikuwa ameshika vile viatu vya ncha kali, kila kimoja kimejazwa mchanga mbichi na kupigiliwa vizuri.

"Tumejenga maghorofa," alieleza.

Na yule wa tatu, Meno, aliyekuwa bado hajaanza kusema sawasawa, alimuuma Kiyoyozi mguuni. Alimuuma bila hasira, kama mtu anayeonja mboga kama imeiva.

Jioni ile Kiyoyozi alienda kwa mshonaji, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akashika tama.

"Unanuka samaki," mshonaji alisema.

"Nanuka kazi. Mwambie shangazi aje siku ya mwisho ya likizo, saa sita. Nyumba nyeupe, geti la buluu. Atausukuma mlango hadi achoke."

Mshonaji aliacha kukanyaga pedali. "Nyumba nyeupe ni yako?"

Hapa palikuwa pahali pazuri pa ile mara moja moja ya kusema ukweli. Kiyoyozi alipaona, akapapita. "Kwa sasa," alisema.

Mpango wake ulikuwa safi. Familia italipa asubuhi na kuondoka na boti ya saa nne. Shangazi atafika saa sita, atasukuma geti, atamkuta bwana amekaa barazani. Mlinzi akirudi, Kiyoyozi atakuwa ameshahamia sokoni na mlango wake wa kijani. Kilichobaki ni kuvumilia.

Lakini akiba ikaisha. Pampu ilikufa tena, na katikati ya juma Kiyoyozi akauza viatu. Aliviuza kwa mchoma samaki, mtu ambaye hata havikumtosha miguuni, na akarudi pekupeku na valvu mpya mfukoni. Siku hiyo ndipo ilipomjia kuondoka tu. Angetupa funguo juu ya ukuta, angepanda boti, na habari ingeishia hapo. Alisimama getini na mawazo hayo, na Meno akatoka barazani akitembea kama mlevi, akaja akamshika kidole kimoja. Hakuuma. Alikuwa na usingizi. Kiyoyozi akamwinua, mtoto akalaza kichwa begani kwake, akadondosha mate kwenye shati, akalala.

"Wewe nawe umeniweza," Kiyoyozi alimwambia, na akabaki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa namna ambayo angeona haya kuisimulia. Alijua uji unapoa kiasi gani ndipo Meno aunywe. Alijua kwamba Mbio ukimpa ndoo na kumwambia ahamishe bahari, hatoki mahali pamoja. Alimfundisha Hakimu kuelea chali, akimshika mgongoni kwa kiganja, na siku alipoondoa kiganja bila kumwambia na Hakimu akaendelea kuelea, Kiyoyozi alifurahi kuliko siku aliyokodisha kivuli. Wazazi wengine ufukweni wakaanza kumuuliza baba yule anamlipa yaya wake kiasi gani.

Baba, kwa kweli, alikuwa na dhamiri. Siku moja Kiyoyozi alikuwa nje akianika nepi, akamsikia kupitia dirishani.

"Mke wangu, sasa tunamwonea."

"Mwonee huruma wewe ukishakunywa chai yako," mama akajibu. "Mimi yangu bado ya moto."

Kiyoyozi hakuelewa. Alidhani wanamzungumzia muuza samaki.

Siku ya mwisho, asubuhi, mabegi yalikuwa yamepangwa barazani. Kiyoyozi alikuwa kwenye kamba ya nguo, kaptula imelowa, Meno kalala mgongoni amefungwa kwa kanga ya mama, vibanio vitatu mdomoni, akisubiri kuitwa apewe pesa yake. Geti likasukumwa. Halikulia, alikuwa amelipaka mafuta mwenyewe, ndiyo maana hakulisikia.

"Nimeona nije mapema," shangazi alisema. "Mtu ukitaka kumjua, usimpe nafasi ya kunawa uso."

Nyuma yake alisimama mshonaji, mkoba mkononi, akiitazama ile kanga, ule mgongo na yale mate. Vibanio vikamdondoka Kiyoyozi mdomoni kimoja kimoja.

"Shikamoo, shangazi. Karibu. Hawa ni wageni wangu, wanaondoka sasa hivi."

"Marahaba. Na wewe ndiye mwenye nyumba hii?"

Hakimu, aliyekuwa amekalia begi, alifungua kinywa. Mama alimtazama tu, akakifunga.

"Ndiyo, shangazi," Kiyoyozi alisema. "Ni mimi."

Shangazi akaketi. Alikuwa mwanamke mpana, asiyeharakishwa na kitu, na alimgeukia mama wa watoto kwa adabu zote. "Mwanangu, mmekaaje humu? Huyu anataka kuoa kwangu, nisaidie nijue. Ni mwenye nyumba wa namna gani?"

Mama alimtazama Kiyoyozi, na Kiyoyozi akamtazama kwa macho ya mbuzi wa bucha.

"Shangazi, sijawahi kuona mfano wake," mama alisema. "Bomba tulimwambia asubuhi, mchana maji yakatoka, wala hakutudai senti. Choo kilipoziba akazibua kwa mkono wake. Vyandarua kashona. Geti kapaka mafuta. Hakuwahi kusema kesho."

Kiyoyozi akavimba kifua. Aliona harusi. Lakini shangazi akatikisa kichwa.

"Mimi nimepanga nyumba za watu tangu nilipoolewa," alisema. "Nimepanga kwa wazuri na kwa wabaya. Mwenye nyumba ukimwambia bomba limeharibika, anakuuliza kodi. Ukimwambia choo kimeziba, anakuuliza mko wangapi humo ndani. Anasema nitakuja kuona, na haji, na kama akija, anaona, anaondoka. Huyu katengeneza siku ileile? Kwa pesa yake?" Akamgeukia Kiyoyozi. "Wewe si mwenye nyumba. Wewe hujawahi hata kumiliki banda la kuku. Nyumba ni ya nani?"

Kiyoyozi aliikaza kanga ya Meno mgongoni. Akamtazama mshonaji, akaona ule uso anaoupenda unasubiri, na hakutaka kuupita tena.

"Sijui jina lake," alisema. "Mtu wa mjini. Mimi niliachiwa funguo nimwagilie maua. Nimewadanganya hawa, nikataka kukudanganya na wewe. Nilitaka mlango tu, shangazi."

"Ni ya kaka yangu," mama wa watoto alisema.

Akafungua mkoba, akatoa funguo, akaziweka mezani. Zilifanana na zile zilizokuwa kiunoni kwa Kiyoyozi hadi kutu.

"Tumbo moja," mama aliongeza. "Alitupa nyumba tupumzike bure. Tunashuka kwenye boti, huyu bwana anakuja kunipangisha."

Kiyoyozi alikaa chini, taratibu, asimwamshe Meno. "Tangu bandarini ulijua?"

"Mimi pia nilijua," Hakimu alisema. "Nilinyamazishwa kwa biskuti."

"Kwa hiyo ile bei tuliyokubaliana..."

"Kaka," baba alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia neno refu, "nani hukubali bei ile?"

Mama hakucheka. "Niliona uongo wako, nikataka kukuitia askari. Halafu nikafikiri: huyu mtu yuko tayari kufanya lolote nisishtuke. Ndugu yangu, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa najifungia bafuni, nafungulia maji ili watoto wasinisikie nikilia. Tangu huyu mkubwa azaliwe sijamaliza kikombe cha chai kikiwa cha moto. Wiki hii yeye kawaogesha watoto, kamfundisha huyu mkubwa kuogelea, na mimi nimekunywa. Nimelala hadi nimeota ndoto yenye mwanzo na mwisho." Akapangusa macho. "Nisamehe. Ila ulianza wewe."

Kiyoyozi aliziangalia zile funguo mezani. Alikuwa amepokonywa akiba, viatu, na mchumba, na aliyempokonya alikuwa anamshukuru. Alianza kuifungua kanga, polepole, amrudishe mtoto wa watu.

Meno akaamka. Akafunguliwa, akawekwa mapajani kwa mama yake, akatazama huku na huku, akanyoosha mikono kwa Kiyoyozi na kuanza kulia. Mama alimbembeleza, akaumwa. Baba alimchukua, akaumwa. Shangazi, aliyekwisha kulea watoto wa ukoo mzima, akasema lete hapa, akaumwa na yeye. Kiyoyozi akampokea, na kilio kikakatika.

Shangazi alijisugua mkono akimwangalia. Kisha akamgeukia mshonaji. "Mwenye bucha ana watoto watatu aliowaacha marehemu mkewe. Umewahi kumwona kambeba hata mmoja?"

"Shangazi," mshonaji alisema, "mimi nilishachagua zamani. Nilikuwa nasubiri wewe."

"Subiri kidogo tena." Shangazi akajiweka sawa kitini, akamkazia macho mama wa watoto, na hapo ndipo waliokuwepo walipojua kwamba mjanja halisi wa siku ile alikuwa bado hajaanza. "Mwanangu, umepumzika. Nimefurahi. Sasa tuzungumze. Fundi bomba ulimlipa nani?"

"Shangazi, huyu alitaka kutuibia."

"Alitaka. Je, aliiba?"

"Hapana, lakini—"

"Choo kazibua nani? Watoto kawaogesha nani? Huyu binti kamfundisha kuogelea nani? Kama ni kuita askari, tuite. Yeye aseme alichotaka kufanya, na wewe useme ulichofanya, tuone nani atatoka wa kwanza."

Baba alikohoa. Mama alimtazama apate msaada, lakini baba alikuwa anaangalia bahari kwa makini sana.

Mama yule, ambaye hakuomba kushushiwa bei bandarini, siku hiyo aliomba. Alibishana, alilalamika, alimtaja kaka yake, alitaja boti inayokaribia. Shangazi hakutaka pesa. Alitaka kile kibanda cha getini, kwa kuwa mlinzi mzee alikuwa na nyumba yake mtaani na kukitumia hakitumii. Kina mlango, alisema, tena unatazama njia ambayo wageni wote wa ufukweni hupita. Mwanangu ataweka cherehani upande huu, na huyu atawatunza watoto wa wageni upande ule, kwa malipo, na mabomba ya nyumba atayatengeneza bure. Boti ilipopiga honi mara ya pili, mama alisema sawa, na safari hii sawa ilimuuma.

Wakasindikizana hadi bandarini. Mbio alikimbilia boti isiyo yao, akarudishwa. Hakimu alimpa Kiyoyozi mkono kama mtu mzima, kisha akaghairi, akamkumbatia kiuno. Meno aling'olewa shingoni kwa nguvu za watu wawili, na Kiyoyozi akageuka kuangalia upande mwingine, machozi yakimtoka waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Boti ilipokuwa imeshaondoka, mama alimpigia simu kaka yake.

"Nyumba tumeiacha nzima," alisema. "Maji yanatoka, choo kinafanya kazi, geti halilii tena. Na kile kibanda cha getini nimekitoa."

"Umekitoa? Kwa nani? Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Mama alitazama nyuma. Pale bandarini Kiyoyozi alikuwa bado amesimama pekupeku, mshonaji akimpangusa uso kwa upindo wa kanga yake, na shangazi anaongea peke yake.

"Wewe ni yule mwingine, kaka," alisema. "Yule asiyekuja kutengeneza bomba."